Vipimo vya Tela

Matairi yalikuwa mazuri, ukiyatazama kwa mbali.
Meno yote kinywani, weusi wa kutosha,
ungedhani jana tu yametoka dukani.
Fundi Nampoto akachutama, akalamba kidole,
akafuta vumbi ubavuni mwa mpira
na kunisomea tarakimu nne, kama mtu asomaye jiwe la kaburi:
tatu, mbili, moja, moja.
"Wiki ya thelathini na mbili, mama. Mwaka wa kumi na moja."
Kisha akaingiza ukucha kwenye ufa.
Ukucha ukazama.

Tela hili waliliacha watu wa gesi.
Walilala humo, wakala humo, wakachimba, wakaondoka,
na Mfaume akalinunua mnadani kwa pesa ya korosho.
Tutatia cherehani mbili, alisema, na dirisha la kuuzia,
tuwafuate wakulima hukohuko wanakolipwa,
Nanyamba, Tandahimba, Kitangari, Newala,
tuwauzie sare za watoto kabla pesa haijaota miguu.
Akalipandisha juu ya matofali, Chikongola, nyuma ya choo.
Hapo likakaa.
Naye akalazwa Ligula siku tisa,
na mimi sikuwa tena na haja ya tela.

Sikujua mpira huzeeka ukiwa umesimama.
Nilidhani ni barabara tu inayoula.

"Sasa," akasema Nampoto, "nina ringi za kumi na tano,
za pikapu, mtumba safi.
Njia za huku unazijua. Gurudumu kubwa halisikii shimo.
Tena nakupunguzia."
Sijaona, mtoto wa dada yangu, mwenye gari la kuvutia,
akaitikia kwa kichwa. Wanaume na kikubwa!

Nikavua futi shingoni.
Miaka ishirini na sita napima watu:
mabwana harusi wanaovuta tumbo ndani,
wasichana wanaotaka kubanwa kuliko pumzi yao.
Najua nguo husema uongo mtu akisimama mbele ya kioo,
na kweli huitoa akikaa.
Nikapiga magoti kwenye mchanga wenye grisi.
Kutoka mpira hadi ukingo wa bati, vidole vitatu.
"Na nikipakia?" nikamuuliza. "Cherehani, majora kumi na mawili,
meza ya kukatia, na mimi mwenyewe?"
Akanyamaza.
"Vitabaki viwili. Na hivyo viwili ndivyo unataka kuviziba.
Shimo la kwanza tu, litajipasua kwapani."

Nikahesabu nati za tela: tano.
Nikahesabu matundu ya ringi yake: sita.
Hapo hata Sijaona akacheka.

Kumi na nne, basi, kama lilivyozaliwa.
Lakini si mpira wa teksi, laini, wa kubembeleza abiria.
Nipe wa kubebea mzigo, plai nane,
mbavu ngumu, usiokata kiuno kwenye kona.
Mguu siurefushi. Naongeza mfupa.
Na nipe matatu; la tatu nitalifunga mgongoni,
maana kupanda Newala hakuna duka la majuto.
Tena nisomee zile tarakimu, moja moja, polepole.

Alitaja bei, nikataja yangu,
tukakutana mahali ambapo wote wawili tuliumia kidogo.

Alipochomoa kipini cha tairi la kwanza la zamani
upepo ulitoka, haba, bila kelele.
Nikakumbuka aliyeujaza:
pampu ya mguu, suruali imekunjwa hadi gotini,
akihesabu mikanyago kwa sauti, akikosea, akianza upya.
Nikainama, niseme ukweli,
nikasogeza uso.
Ulinuka mpira tu.

"Kaza nati kwa kupishana," nikamwambia Nampoto,
"huku, kisha ng'ambo, kisha huku.
Ukizunguka mfululizo, kola inapinda."